Luva zinavuja mvua: tafuta njia ya maji kwanza, silikoni baadaye

Mvua ya mwaka ikianza kumwagika hapa Mombasa, kuanzia mwezi wa nne, naulizwa maswali yale yale matatu kuhusu luva, yaani yale mabapa ya mshazari ya kupitishia hewa ukutani. Maji yanaingia kwenye luva za ngazini, nifanye nini? Fundi ametia silikoni mara mbili na bado yanavuja, ana kasoro gani? Na la tatu: si bora nizing'oe luva hizi nizibe ukuta?

La tatu nalimaliza hapa hapa. Usizibe. Luva iliwekwa pale kwa sababu ya hewa. Ngazi ya ghorofa isiyo na hewa mwezi wa pili ni tanuri, stoo isiyo na hewa hutoa kuvu, na chumba cha jenereta kilichozibwa kinaweza kuua mtu kwa moshi. Mawili ya kwanza ndiyo tutakayoyashughulikia, na nitasema nawe kama mwenye nyumba au mtunzaji wa jengo ambaye hajawahi kushika kazi hii. Fundi mzoefu anaweza kuruka mpaka hatua ya nne.

Kabla ya chochote, jua jambo moja. Luva haikutengenezwa kuzuia maji yote. Mabapa yake yamelazwa mshazari, mara nyingi nyuzi 35 hadi 45, ili mvua inayoanguka wima igonge na kurudi nje. Mvua ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, haianguki wima, inakuja imelala. Hata luva ghali zinazopimwa Ulaya kwa kipimo cha EN 13030, kwa upepo wa mita 13 kwa sekunde na mvua ya milimita 75 kwa saa, daraja la juu kabisa bado linaruhusiwa kupitisha mpaka asilimia 1 ya maji. Basi maji yataingia kidogo. Luva nzuri ni ile ambayo maji yakishaingia yanakuta mlango wa kutokea.

Methali ya usipoziba ufa imeharibu luva nyingi mji huu. Watu wameziba hata nyufa ambazo maji yalikuwa yakitokea.

Vitu vya kuwa navyo

Usianze na bunduki ya silikoni mkononi. Kusanya kwanza hivi:

- Ngazi imara, na mtu wa kuishika. Kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu, kwa upande wa nje, tumia jukwaa na mkanda wa usalama, au mwite mwenye navyo.
- Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, ya lita 16, lakini mpya au ile isiyowahi kutiwa dawa.
- Maji matamu, mitungi mitatu au minne ya lita 20. Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kwenye alumini. Ukilazimika, suuza na maji matamu baadaye.
- Brashi laini, waya mwembamba, ndoo, vitambaa vyeupe vya pamba.
- Pimamaji, futi, chaki, tochi, karatasi za shashi.
- Karatasi ya plastiki (nailoni ya kufunikia) na tepu ya karatasi ya wapaka rangi.
- Kisu cha kukatia, patasi nyembamba, bisibisi, drili.
- Spiriti ya kusafishia, glavu, miwani ya macho.

Silikoni, skrubu na bati tutanunua baada ya kujua ugonjwa. Nimeona mtu ametoka dukani na mirija kumi na mbili ya silikoni kwa tatizo lililoisha kwa waya wa kuzibulia.

Halafu onyo la stima. Kama luva ni ya chumba cha swichi, mita au jenereta, usimwage tone kabla fundi wa umeme hajazima na kuhakikisha. Kama ndani kuna transfoma, hiyo si kazi yako wala yangu. Waite wenye transfoma hiyo.

Hatua ya 1: Isome alama ya maji

Usipande ngazi bado. Chukua kalamu, na mvua ikinyesha andika mambo matatu: upepo ulitoka wapi, maji yalianza kuonekana baada ya muda gani, na yalianzia sehemu gani hasa. Piga picha na simu katika dakika za mwanzo. Sakafu ikishalowa yote hutajua tena mwanzo ulikuwa wapi.

Alama zenyewe zinasema hivi:

Maji yametanda chini ya luva, katikati ya kizingiti (ukingo wa ukuta ulio chini ya fremu), yakishuka ukutani kama pazia: njia ya kutokea imeziba, au kizingiti kimeinamia ndani.

Kona moja au mbili za chini zimelowa na lipu imevimba: kiungo cha fremu na ukuta kimeachia, au fremu yenyewe imeachia konani ilipounganishwa.

Unyevu uko juu ya luva, chini ya linta (boriti ya zege iliyo juu ya uwazi): maji hayapiti kwenye luva hata kidogo. Yanatelemka na ukuta wa nje, yanageukia chini ya linta na kuingia juu ya fremu. Huu ndio ugonjwa unaodanganya mafundi kuliko wote.

Matone yametawanyika sakafuni mita moja au zaidi kutoka ukutani: upepo unayarusha kati ya mabapa. Hapa silikoni haina kazi.

Ukuta umelowa siku ambayo haikunyesha: mwangalie jirani wa juu. Bomba la maji ya eyasii (kiyoyozi) linaweza kumwaga juu ya ukuta wako mchana kutwa. Bi mmoja wa Tudor alilipa mafundi wawili kwa luva zisizo na kosa lolote. Mpira wa eyasii ya ghorofa ya tatu ulikuwa umechomoka, na dawa yake ilikuwa klipu moja.

Upepo ni muhimu kwa sababu mvua kubwa za mwaka zinakuja na kusi. Ukuta unaotazama bahari kule Nyali, Kizingo au Likoni unapigwa uso kwa uso, na ule wa nyuma unaweza kukaa mkavu msimu mzima. Ukuta wa nyuma ukivuja nao, maji pengine yanatoka paani na yanashuka ndani ya ukuta. Ahirisha luva, ukakague paa na mifereji.

Hatua ya 2: Safisha, kisha ngoja mvua moja

Najua hutaki kusikia hili. Lakini kazi nyingi nilizoitiwa ziliishia hapa.

Anza na wavu wa mbu au wa ndege ulio nyuma ya mabapa. Vumbi la barabarani na chumvi ya bahari huganda kwenye wavu mpaka unakuwa kama kitambaa. Maji yanajaa kwenye vitundu vyake, upepo ukipiga yanatemwa ndani. Utoe, uoshe kwa sabuni, uurudishe. Ukiwa umechanika au umeshika kutu, tupa.

Kisha mabapa, moja moja, kwa brashi na maji ya sabuni. Luva nyingine za alumini zina kamfereji kadogo kwenye ukingo wa kila bapa kanakopeleka maji pembeni, na pembeni fremu ina uwazi wa kuyashusha chini. Humo utakuta viota vya nyigu, mchanga, hata mbegu za mwarobaini.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, tafuta matundu ya kutolea maji. Yako chini kabisa ya fremu, upande wa nje, mara nyingi ni mipasuo midogo ya milimita tano hadi kumi. Yazibue kwa waya. Kama yamezibwa kwa silikoni ya fundi aliyetangulia, yakate kwa kisu. Kama yamepakwa rangi, kwangua. Mimina kikombe cha maji ndani ya fremu uone yanatokea nje. Yasipotokea, endelea kuzibua.

Sasa ngoja mvua moja nzito. Ikipita salama, umemaliza.

Hatua ya 3: Kagua jinsi ilivyofungwa

Simama nje utazame. Je, mabapa yanainama kuelekea nje na chini? Swali linaonekana la kijinga, lakini nimekuta luva iliyofungwa kichwa chini kwenye stoo ya jengo jipya kabisa, inakinga mvua kama kijiko. Hakuna dawa nyingine, ifunguliwe igeuzwe.

Weka pimamaji juu ya kizingiti cha nje. Kinapaswa kuinamia nje, kwa kila sentimita kumi kishuke walau sentimita moja. Huna pimamaji? Mwaga maji kidogo utazame yanakimbilia wapi. Yakisimama au yakirudi ndani, umempata mshukiwa.

Pitisha kidole chini ya ncha ya kizingiti, upande wa chini unaotokeza nje. Panapaswa kuwa na mfereji mdogo uliochongwa kwa urefu wote ili tone likifika pale lidondoke. Usipokuwepo, tone linatambaa chini ya kizingiti na kurudi kwenye ukuta.

Angalia skrubu. Zikiwa na kutu na alumini iliyozizunguka imetoa unga mweupe, ujue chuma cha kawaida na alumini vinagombana ndani ya hewa ya chumvi, na matundu yake yamepanuka. Kila tundu lililopanuka linavuja.

Hatua ya 4: Jaribio la maji, kutoka chini kwenda juu

Fuata mpangilio huu bila kuubadilisha. Ukianza kunyunyizia juu, maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hutajua yameingilia wapi. Anza chini.

1. Funika luva yote kwa nailoni upande wa nje, ubandike kwa tepu. Acha wazi kizingiti tu na kiungo kilicho chini ya fremu.

2. Mweke mtu ndani na tochi. Abandike karatasi za shashi kwenye kingo zote za ndani, maana shashi inaonyesha unyevu kabla jicho halijauona. Kubalianeni neno moja la kupigiana kelele.

3. Nyunyizia kizingiti kwa dakika kumi, kwa manyunyu mapana kama mvua, ukitembeza polepole. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Presha yake inapenya hata pasipovuja, nawe utatibu ugonjwa usiokuwepo.

4. Subiri. Kwa ukuta wa simenti ngoja dakika kumi. Kwa ukuta wa mawe ya matumbawe ngoja nusu saa, kwa sababu jiwe lile linakunywa maji kwanza, ndipo linayatoa upande wa pili.

5. Pakiwa pakavu, fungua nailoni ya mbavu moja ya fremu, yaani upande wake uliosimama, chini hadi juu, unyunyizie na kungoja. Kisha mbavu ya pili.

6. Sasa fungua kiungo cha juu ya fremu. Baada ya hapo nyunyizia ukuta ulio juu yake, mpaka kimo cha mtu kama unafika.

7. Mabapa yenyewe yawe ya mwisho. Nyunyizia kwanza kutoka juu kama mvua ya wima, kisha kwa mlalo kama mvua ya kusi.

Kila mahali panapoingiza maji paweke alama ya chaki ndani na nje, na uandike dakika. Ukipata pa kwanza usisimame, malizia saba zote. Mara nyingi njia ni mbili, na hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mteja aseme fundi ni mwongo.

Kama kuna feni ya kuvuta hewa ndani ya chumba, rudia namba 7 ya orodha hii feni ikiwa inafanya kazi, kisha ikiwa imezimwa. Ikiwa maji yanaingia feni ikivuta tu, dawa ni kupunguza kasi yake au kuongeza ukubwa wa luva.

Hatua ya 5: Tibu kiungo cha fremu na ukuta

Nunua sasa. Silikoni iwe ile isiyo na asidi. Kwenye mrija huandikwa kuwa inafaa kwa saruji na mawe, na ukiifungua hainuki siki. Ile inayonuka siki ni ya vioo. Ikikutana na saruji au chokaa haishiki vizuri, na inakula chuma kilichopakwa zinki. Soma tarehe ya mwisho, mirija inayokaa dukani kwenye joto letu huharibika. Nunua pia kamba ya sponji ya kujazia nyufa, nene kuliko uwazi wako kwa robo hivi.

Kata silikoni yote ya zamani. Yote. Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu, na hapa ndipo "fundi ametia mara mbili" inapojibiwa. Kwangua mpaka uone alumini tupu upande mmoja na lipu ngumu upande wa pili. Lipu inayomeng'enyeka itoe, uijaze upya, uiache ikauke vizuri.

Futa alumini kwa kitambaa chenye spiriti, na kabla haijakauka ipitie kwa kitambaa kikavu kingine. Ukutani piga brashi kavu kutoa vumbi.

Hakikisha ukuta umekauka. Katikati ya mvua za mwaka hili ni gumu, na ndiyo maana nasema kazi hii bora ifanywe kabla, mwezi wa pili au wa tatu. Kujua, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu pande zote nne, kilale usiku kucha. Asubuhi kikiwa na umande upande wa ukutani, subiri siku nyingine.

Sukuma kamba ya sponji ndani ya uwazi, ubakishe kina kama nusu ya upana. Uwazi wa milimita 12 ubaki na kina cha milimita sita. Sponji inafanya silikoni ishike pande mbili tu, ivutike alumini inapotanuka kwa jua la mchana. Ikishika na nyuma pia, itachanika.

Bandika tepu ya karatasi kando zote mbili, toa silikoni kwa mkono mmoja usiokatika, kisha lainisha kwa kijiko au kipande cha plastiki kilichochovywa kwenye maji ya sabuni kidogo. Usilambe kidole. Najua kila fundi analamba kidole. Ng'oa tepu kabla silikoni haijafanya ngozi, yaani ndani ya dakika kumi hivi. Kisha iache. Hukauka milimita mbili au tatu kwa siku, kwa hiyo kuigusa nje ikawa kavu hakumaanishi imeiva ndani.

Sasa sikiliza vizuri: ziba juu na mbavu mbili kwa nje. Chini, kwa nje, usizibe. Mstari wa chini unazibwa upande wa ndani tu, nyuma ya fremu, ili maji yaliyoingia yasirudi chumbani lakini yabaki na njia ya kutoka nje. Ukizunguka fremu yote kwa nje umejenga beseni.

Skrubu zilizooza zibadilishe kwa za stenlesi. Karibu na bahari tafuta zenye alama ya A4 kichwani, hizo ndizo zinazostahimili chumvi. Beba sumaku dukani: ikinata kwa nguvu, umeuziwa chuma kilichopakwa zinki.

Hatua ya 6: Kizingiti kinachoinamia ndani

Kama kosa ni dogo, fungua luva, kwaruza kizingiti kwa patasi, mwagia maji, paka uji wa simenti, kisha piga lipu mpya yenye mteremko wa kwenda nje. Ngoja siku saba ukiinyunyizia maji asubuhi na jioni. Kabla ya kurudisha fremu, paka rangi ya lami mahali alumini itakapogusa simenti, kwa sababu simenti mbichi inaila alumini.

Lakini ukiwa umeshafungua, ongeza sinia. Mwambie fundi wa alumini akukunjie bati moja linalokaa chini ya fremu yote: nyuma lipande juu sentimita tano, kando mbili lipande nalo, mbele litokeze nje ya ukuta sentimita tatu au nne na ncha ikunjwe chini. Kona zisiachwe wazi. Sinia isiyo na kuta za pembeni inamwagia maji ndani ya ukuta, na huko hutayaona mpaka lipu ianguke. Usitoboe skrubu katikati ya sinia. Funga fremu kwa mbavu na juu.

Kama ningeruhusiwa kuchagua tiba moja tu kwa majengo yote ya Mombasa, ningechagua sinia hii.

Hatua ya 7: Maji ya juu ya fremu

Hapa unahitaji kofia, yaani kipande cha alumini kinachopita juu ya luva, kirefu kuliko luva sentimita tano kila upande, kikitokeza mbele sentimita tatu au nne. Ukingo wake wa juu unaingia kwenye mfereji mwembamba uliokatwa ukutani, kisha unazibwa kwa silikoni.

Kata mfereji huo kwa uangalifu. Juu ya luva kuna linta ya zege yenye nondo, na nondo haziko mbali na uso. Usizidishe milimita 15 pamoja na lipu. Ukifunua nondo kwenye hewa ya chumvi, miaka michache tu zege litaanza kupasuka, na hapo luva itakuwa tatizo lako dogo.

Hatua ya 8: Upepo unaorusha matone

Kama viungo vyote ni vizima na jaribio la mlalo bado linaingiza maji, luva yenyewe haitoshi kwa ukuta huo. Kuna njia tatu, kutoka ya bei nafuu. Weka kofia pana zaidi juu. Weka nyuma ya luva, kwa ndani, ubao wa alumini uliosimama sentimita kumi na tano mbali nayo, na sinia chini yake inayotoa maji nje kwa bomba: hewa inazunguka, matone yanagonga ubao na kushuka. Au badilisha luva uchukue yenye mabapa yaliyojikunja mara mbili. Hizo zinapitisha hewa pungufu kuliko za kawaida kwa ukubwa ule ule, basi ya chumba cha jenereta usiibadilishe bila kumuuliza anayejua mahitaji ya hewa ya mashine.

Luva za vioo, za mbao na za simenti

Luva za vioo zinazofunguka kwa mkono huvuja kwa sababu rahisi zaidi: hazifungi. Funga kabisa, kisha jaribu kupitisha karatasi kati ya kioo na kioo. Inapopita kirahisi, tafuta klipu iliyopinda au mkono uliolegea. Klipu zinauzwa moja moja kwenye maduka ya vioo. Toa kioo kimoja ubebe na klipu yake mkatiwe sawa, usikadirie kwa macho. Kioo kilichokatwa kifupi kinaacha uwazi pembeni, na uwazi huo haujazwi na kitu, nunua kioo kingine. Kila kioo lazima kilalie kilicho chini yake kwa upande wa nje. Vaa glavu.

Luva za mbao kwenye nyumba za Mji wa Kale zinataka subira. Kwangua, kausha, paka mafuta au rangi mpaka kwenye ncha za mbao, kwani ncha ndizo zinazonyonya. Usizijaze silikoni. Kwa kubadilisha sura ya nje ya nyumba za huko, pitia kwanza ofisi ya uhifadhi.

Matofali ya simenti yenye matundu hayana mengi: mteremko wa nje ndani ya kila tundu, na kofia juu.

Bado panavuja?

*Nimefanya yote, mvua ya kwanza ilipita salama, ya tatu ikaingia.* Silikoni imeachia upande mmoja. Bonyeza kwa kidole kandokando ya ukuta. Mara nyingi ilipakwa juu ya vumbi au ukuta wenye maji. Kata sehemu hiyo tu, na kipande cha kiganja kimoja kila upande, urudie.

*Kwenye jaribio haivuji, kwenye mvua inavuja.* Hukuloweka muda wa kutosha, au maji yanatoka juu zaidi ya ulipofika. Panda ghorofa moja ukajaribu luva au dirisha la juu yake.

*Maji yanatoka nje kwenye matundu, lakini yanachuruzika ukutani na kuacha weusi.* Luva iko sawa, ncha ya kizingiti ndiyo haina mfereji wa kudondoshea. Uchonge, au gundisha chini yake kamba nyembamba ya alumini yenye ncha kali.

*Matundu yanapuliza maji ndani upepo ukiwa mkali.* Usiyazibe. Yafunike kwa nje kwa vifuniko vidogo vya plastiki vinavyotazama chini, fundi wa madirisha anavyo.

*Lipu ya ndani inaendelea kutoa chumvi nyeupe wiki kadhaa baada ya kutengeneza.* Ukuta wa matumbawe unakauka polepole. Piga brashi kavu, usipake rangi ya mafuta juu yake, uuache upumue. Weka alama ya penseli kuzunguka unyevu pamoja na tarehe. Doa likipungua kila wiki, acha. Likivuka mstari wa penseli, rudi hatua ya nne na mitungi yako ya maji.